Kifafa nyumbani: la kufanya mtu akianguka, na namna ya kuzuia dawa isikatike

Jino la mbele la mdogo wangu lilivunjwa na kijiko. Alikuwa na miaka 11, ameanguka kifafa uani kwa jirani, na watu wazima watatu waliokuwepo walimwonea huruma ya kweli: wawili wakamkandamiza mikono na miguu, wa tatu akampanua taya kwa nguvu na kumsokomeza kijiko cha chai, asije akameza ulimi. Mtikisiko wenyewe uliisha ndani ya dakika 2. Jino limebaki nusu hadi leo, na kila akicheka mimi naliona.

Sasa ana miaka 27, na mimi dada yake ndiye ninayeshika kadi yake ya kliniki tangu mama alipozeeka. Mimi si daktari. Ninaandika yale ambayo ningetamani mtu angemkalisha mama chini siku ile na kumweleza bila haraka. Karibu yote tulifundishwa na manesi wa kliniki, mengine tuliyajua kwa kuumia.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao milioni 50 duniani wana kifafa, na karibu 80 kati ya kila 100 wako katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati, yaani huku kwetu. Shirika hilohilo linasema hadi 70 kati ya 100 wanaweza kuishi bila kuanguka tena, wakigunduliwa na kutibiwa sawasawa. Lakini watafiti walipofuatilia wenye kifafa wilayani Hai, Kilimanjaro, na Kilifi katika pwani ya Kenya, walikuta zaidi ya nusu hawako kwenye tiba. Hilo ndilo linaloniuma. Dawa ipo, ni ya zamani, bei yake si kubwa, na mtu anaungua motoni kwa kuikosa.

1. Mtu ameanguka mbele yako

Kitu cha kwanza ni kutazama saa. Wakati wa hofu dakika 1 huonekana kama 10, na huko hospitali swali la kwanza litakuwa "alitikisika kwa muda gani?"

Kisha ondoa hatari iliyo karibu naye: sufuria ya moto, kisu, jiwe, kona ya meza. Usimhamishe yeye mwenyewe isipokuwa yuko barabarani, majini au karibu na moto. Weka kitu laini chini ya kichwa, hata kanga iliyokunjwa au shati lako. Legeza kilichombana shingoni, iwe tai, kola au mtandio, na umvue miwani.

Usimkandamize. Misuli inakaza kwa amri ya ubongo, na nguvu zako haziwezi kuizuia. Unaloweza ni kumteguza bega.

Usiweke kitu chochote mdomoni: kijiko, kidole, kitambaa, maji, wala kidonge. Binadamu hawezi kumeza ulimi wake, umeshikwa chini kabisa. Anaweza kuung'ata, na utapona wenyewe. Kijiko huvunja meno, na kipande cha jino kinaweza kuingia kwenye njia ya hewa. Kumnusisha kiatu, kitunguu au njiti ya kiberiti hakusaidii. Kunampotezea hewa tu.

Mtikisiko ukianza kulegea, mlaze ubavu. Piga magoti kando yake, nyoosha mkono wake ulio upande wako, kunja goti lake la upande wa pili, kisha mvute bega na nyonga pamoja kuelekea kwako. Inua kidevu kidogo ili mdomo utazame chini, povu na mate vitoke nje visimrudie kooni. Hii hatua ndogo ndiyo muhimu kuliko zote, nayo ndiyo watu wanaoikwepa, kwa sababu wanaogopa povu. Povu ni mate yaliyochanganyika na hewa. Kifafa hakiambukizwi kwa povu, kwa mkojo, kwa pumzi wala kwa kula naye sahani moja. Mimi nimempangusa mdogo wangu mara zisizohesabika.

Kaa naye mpaka azinduke kabisa. Ataamka amechanganyikiwa, huenda amejikojolea, na kitu cha kwanza atakachokiona ni nyuso za watu. Watawanye watu. Mfunike kanga kiunoni. Mwite kwa jina lake, umwambie alipo. Usimpe maji wala chakula mpaka ataje jina lake na siku ya leo bila kubabaika.

Mkimbize hospitali kama mtikisiko umepita dakika 5, kama umerudi kabla hajazinduka, kama ni mara yake ya kwanza, kama ameumia au alianguka majini, au kama hapumui vizuri baada ya kutulia.

Kuna wawili wengine wa kukimbiza bila kuhesabu dakika. Wa kwanza ni mjamzito, au mama aliyejifungua karibuni, ambaye hajawahi kuwa na kifafa. Lugha yetu inaita hali hiyo kifafa cha mimba, na jina hilo limewapoteza wengi, kwa sababu familia hudhani ni kifafa cha kawaida, kitapita. Ule ni ugonjwa mwingine kabisa, unaotokana na shinikizo la damu la ujauzito, na unaweza kuua mama na mtoto. Hospitali wana sindano yake, magnesiamu salfeti. Kabla ya mtikisiko mara nyingi hutangulia kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu, na uso kuvimba.

Wa pili ni mtoto mdogo mwenye homa. Hili ndilo degedege. Huko nyuma bibi zetu walisema ni ndege amempitia mtoto, wakamfukizia kinyesi cha tembo, na wengine waliamini kabisa kuwa mtoto wa degedege akichomwa sindano atakufa. Wakati wanafukiza, malaria ilikuwa inapanda kichwani. Watoto wengi wa kati ya miezi 6 na miaka 5 wanaopata degedege la homa hawaji kuwa na kifafa, lakini homa yenyewe inaweza kuwa malaria kali au homa ya uti wa mgongo, na hizo zikichelewa huacha ubongo umeharibika. Mlaze ubavu, mvue nguo nzito, nenda kituoni usiku huohuo.

2. Andika, na upige video

Kifafa hutambuliwa zaidi kwa maelezo kuliko kwa mashine. Kipimo cha umeme wa ubongo kipo kwenye hospitali kubwa, lakini kinaweza kutoka safi hata kwa mtu mwenye kifafa, kwa sababu kinapima zile dakika alizolala pale tu. Kwa hiyo wewe uliyeona ndiye shahidi.

Sisi tuna daftari la shule la kurasa 48. Ukurasa mmoja unasomeka hivi: "Jumanne, saa 11 alfajiri. Alikuwa usingizini. Alitoa sauti kama ya kukohoa, mkono wa kulia ukaanza, halafu mwili mzima. Macho wazi, yamegeukia kulia. Dakika 2 na nusu. Alijikojolea. Alilala hadi saa 2, kichwa kikamuuma. Jana yake alikesha msibani. Dawa alikunywa." Kwa yale maneno "mkono wa kulia ukaanza", daktari alimbadilishia dawa. Miaka 6 kabla ya hapo hakuna aliyetuuliza mtikisiko unaanzia wapi, na sisi hatukujua kama ni jambo la kusema.

Kama kuna mtu wa pili wa kumhudumia, mwingine apige video kwa simu, aonyeshe uso na mikono yote. Video hiyo ni ya daktari peke yake. Kuituma kwenye kundi la WhatsApp ni kumvua mtu nguo hadharani.

Uandike hata yale ambayo hayafanani na kuanguka. Mtoto anayekodoa macho sekunde chache katikati ya sentensi kisha anaendelea kama hakuna kitu, mara nyingi kwa siku, hadi mwalimu anamchapa kwa kutosikiliza. Mtu mzima anayetafunatafuna mdomo mtupu na kupapasa vifungo vya shati huku haitikii. Mtoto anayeangusha kichwa mara kwa mara kama anayesinzia, hasa akiona chakula.

Hiyo ya mwisho ina historia kwetu. Mwaka 1959 daktari mzaliwa wa Norway, Louise Jilek-Aall, alifika milima ya Mahenge, Ulanga, akakuta watu wenye kifafa wengi kuliko alivyowahi kuona, wengine wametengwa kwenye vibanda, wengi wana makovu ya moto. Akaanzisha kliniki. Yeye ndiye aliyeandika juu ya watoto wa huko wanaotikisa kichwa, miongo kadhaa kabla dunia haijashtuka kwa ugonjwa huohuo Sudan Kusini na kaskazini mwa Uganda.

3. Siku ya kwanza kliniki

Anzia zahanati au kituo cha afya, uombe rufaa kama hakuna mtaalamu. Katika hospitali nyingi za wilaya Tanzania kifafa hutibiwa kwenye kliniki ya afya ya akili. Usishtuke na kibao cha mlangoni. Mdogo wangu aligoma kuingia mara mbili kwa sababu ya kibao hicho. Kifafa ni ugonjwa wa ubongo, na mwenye kifafa si kichaa. Pale ndipo dawa ilipo, basi.

Mweleze daktari mambo haya hata kama hajauliza: kama alichelewa kulia alipozaliwa, kama aliwahi kuumia kichwa au kupata malaria kali au homa ya uti wa mgongo, kama kuna mwingine kwenye ukoo, dawa nyingine anazotumia, na kama mnafuga nguruwe (sababu yake iko sehemu ya 6). Kuanguka mara moja peke yake hakumaanishi kifafa. Kwa kawaida huhesabiwa kifafa mtu akianguka mara mbili au zaidi, zikipishana zaidi ya saa 24, bila homa au sababu nyingine ya papo hapo.

Sitamgombeza aliyepita kwa mganga. Sisi tulipita kwa waganga wawili, na mbuzi wa baba wakaisha. Ombi langu ni moja: maombi na yaendelee, dua na iendelee, lakini yeyote atakayekwambia "ukianza dawa yangu acha za hospitali", ondoka nyumbani kwake.

4. Dawa isikatike

Hapa ndipo maisha ya mwenye kifafa yanapoamuliwa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Dawa wanayopewa wagonjwa wengi kwanza ni fenobabitoni. Inatumika tangu mwaka 1912, huwa inanywewa mara moja kwa siku, usiku. Wiki za mwanzo huleta usingizi, na watoto wengine huwa watundu kupita kiasi. Rudi umweleze daktari kabla hujaamua mwenyewe kuacha. Kabamazepini hupewa zaidi wale ambao mtikisiko unaanzia sehemu moja ya mwili. Ukiona vipele, malengelenge au vidonda mdomoni wiki za mwanzo, nenda hospitali siku hiyohiyo. Fenitoini ikitumika muda mrefu huvimbisha fizi, hivyo mswaki uwe wa lazima.

Kwa binti na mwanamke anayeweza kupata mimba, ulizia jina la dawa. Sodiamu valproeti ni dawa nzuri ya kifafa, lakini ikitumika katika ujauzito, karibu mtoto 1 kati ya 10 huzaliwa na kasoro, na 3 hadi 4 kati ya 10 huchelewa kukua kiakili. Kama tayari anaitumia, asiiache ghafla. Amwone daktari haraka abadilishiwe kwa utaratibu. Kabla ya kushika mimba aulizie vidonge vya foliki asidi. Jambo jingine ambalo halisemwi vya kutosha: fenobabitoni, kabamazepini na fenitoini hupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango na vijiti vya mkononi. Kitanzi hakiathiriwi. Dawa hizohizo hupunguza pia nguvu ya dolutegravir, kwa anayetumia dawa za VVU. Waambieni kliniki zote mbili.

Sasa kukatika kwenyewe. Mwaka mmoja wa masika mdogo wangu alikuwa amekaa miezi 14 bila kuanguka. Dawa ikaisha kituo tulichokitegemea, barabara ya wilayani ikajaa maji, tukasema tutangoja. Usiku wa tano alianguka mara 4, na ile ya mwisho ilimkuta hajazinduka. Tulimbeba kwenye bodaboda, mimi nyuma nikimshikilia kwa kitenge. Dawa ya kifafa ikikatwa ghafla, mtikisiko hurudi kwa nguvu na unaweza kuendelea bila kukoma; hali hiyo huua, au humwacha mtu na ubongo uliopungua.

Tangu siku ile tuna sheria. Vidonge vikibaki vya siku 14, mtu anaanza safari ya kutafuta vingine, hata kama tarehe ya kliniki haijafika. Tumeandika namba za maduka ya dawa matatu. Vya siku 7 vinakaa kwenye kopo la pili, havifunguliwi ila kwa dharura, na kila mwezi tunavizungusha visichakae. Akisafiri kwenda msibani au harusini, dawa huingia mkobani kabla ya nguo. Akisahau dozi anakunywa anapokumbuka, na kama dozi inayofuata imekaribia, hiyo aliyosahau imepita. Hazinywewi mbili kwa pamoja.

Kwa waliofunga Ramadhani: anayekunywa mara moja usiku anaweza kuonekana hana tatizo, lakini njaa na kukatizwa usingizi kwa ajili ya daku huwaangusha wengine. Azungumze na daktari kabla ya mwezi kuandama. Mgonjwa ameruhusiwa kutofunga.

Usingizi ni nusu ya dawa. Kwenye daftari letu, mara nyingi alipoanguka, mstari wa juu unasema "alikesha". Mkesha wa maombi, msiba, mpira wa usiku, zamu ya ulinzi. Pombe nayo inaangusha, gongo zaidi, na kesho yake hatari huwa kubwa kuliko siku ya kunywa.

Swali la "ataacha lini?" daktari hulitazama mtu akimaliza angalau miaka 2 bila kuanguka, na hapo dozi hupunguzwa kidogo kidogo kwa miezi. Si kila mtu ataweza kuacha.

5. Nyumba yenyewe

Anza na jiko. Mafiga matatu chini, moto wazi, sufuria ya ugali juu: ndipo mama na dada wengi wenye kifafa wanapoungua uso na mikono. Inua jiko kwa udongo au tofali hadi usawa wa kiuno, uzungushie kingo. Chakula kipakuliwe sufuria ikiwa jikoni, isibebwe ikichemka. Kama mpishi ni yeye, asipike akiwa peke yake.

Aoge kwa ndoo na kata, mlango ubanwe bila komeo. Kitanda kiwe cha chini. Asiende kisimani, mtoni wala kuvua peke yake. Asipande mnazi wala mwembe. Asiendeshe bodaboda wala gari wakati bado anaanguka. Najua bodaboda ndiyo ajira ya vijana wengi. Tuligombana juu ya hili mwaka mzima. Sasa ana genge la kuchaji simu na kuuza vocha, na kiti chake kina egemeo.

Shuleni, mweleze mwalimu mapema, umpe na sehemu ya kwanza ya mwongozo huu. Mtoto abaki darasani.

6. Kifafa ambacho kinaweza kuzuiwa

Tegu la nguruwe, mnyoo mrefu bapa, ni sababu kubwa ya kifafa huko Mbulu, Mbozi na maeneo mengine yanayofuga nguruwe wakitembea ovyo. Watu wengi wanakosea hapa. Kula kitimoto isiyoiva kunakupa tegu tumboni. Kinachoingia ubongoni ni lava, yaani minyoo michanga, kutoka kwenye mayai ya tegu, na mayai hayo hutoka kwenye kinyesi cha binadamu mwenye tegu. Yanafika kwako kwa mikono isiyonawa, maji, na kachumbari. Kwa hiyo hata asiyegusa nguruwe maisha yake yote anaweza kuugua, kama aliyemkatia nyanya ana tegu. Jenga choo na ukitumie, fungia nguruwe bandani, kataa nyama yenye vipunje vyeupe kama mchele, ipike mpaka isiwe na wekundu. Anayeona vipande bapa vyeupe kwenye choo kikubwa apelekwe kupimwa. Na kama ana kifafa pia, asinunue dawa ya minyoo ya tegu kienyeji: lava wakifa ubongoni kwa mkupuo, ubongo huvimba.

Kwenye mito yenye maji ya kasi, kama ya Mahenge, kuna usubi, ugonjwa wa minyoo unaoenezwa na inzi wadogo wanaouma. Watafiti wanauhusisha na kifafa cha watoto, pamoja na kile cha kutikisa kichwa. Mgawa dawa akipita na fimbo yake ya kupimia urefu, kunywa ivamektini, dawa ya minyoo hiyo, kila anapopita, usifiche vidonge chini ya ulimi.

Mengine mnayajua: kujifungulia kwenye kituo, chandarua, chanjo, kofia ya bodaboda iliyofungwa kidevuni.

7. Kadi ya mfukoni

Kata kipande cha karatasi ngumu, kiandike kwa herufi kubwa, kipige plastiki, kikae nyuma ya kava la simu. Ya mdogo wangu inasema: "Nina kifafa. Nikianguka nilaze ubavu. Usiniwekee kitu mdomoni. Tazama saa: zikipita dakika 5 nipeleke hospitali. Mpigie dada." Chini yake namba yangu.

Mstari wa mwisho aliuongeza mwenyewe kwa kalamu nyekundu: "Nikiamka, niambie niko wapi."